Maji Yanayozoleka

Nkuhungu maji huja usiku wa Jumanne.
Bomba hukohoa kwanza, hutema hewa,
hutema kutu, ndipo likakumbuka kazi yake.
Naamka, napanga ndoo gizani,
nazijua kwa sauti kila moja inapokaribia kujaa.
Asubuhi zimeota utando,
mweupe, mwembamba kama ngozi ya maziwa.
Ukiguswa na kata unavunjika,
vipande vinazama bila haraka.

Waliotufunza methali walikunywa mvua.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema.
Hapa yakimwagika, ngoja jua la saa nne,
kisha chukua ufagio
uyazoe.

Maharage nayaloweka jana, nayapika leo,
huenda tukayala kesho.
Mkaa wa elfu mbili umekuwa jivu
nayo bado yanagongana sufuriani kama kokoto.
Natia magadi, nafunika, naweka jiwe juu ya kifuniko.
Mlenda peke yake ndio haulalamiki.

Wifi yangu Kemilembe, alipoletwa kutoka Bukoba,
alifua shuka za harusi kwa mche mzima wa sabuni.
Povu halikuja.
Ulikuja uji wa kijivu
ukaganda kwenye karai, ukaganda kwenye vidole vyake.
Akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kwa sauti ya chini
kama humu ndani kuna mtu asiyemtaka.
Ni maji, mdogo wangu, nikamwambia.
Yamekaa na mwamba miaka mingi huko chini,
yameiga tabia.
Hakucheka. Shuka zile
hata leo ukizikunja zinalia.

Fundi Chilongani alikata bomba la bafuni
akanionyesha tundu lake:
zamani lilipitisha kidole gumba,
sasa halipitishi njiti ya kiberiti.
"Mama, nyumba yako inaota mfupa."
Akatoza elfu kumi na tano,
akaomba kile kipande akamwonyeshe mwanafunzi wake.

Mwaka jana nikaenda Lushoto kwa binti yangu Nyemo.
Maji ya huko hushuka mlimani mbio
bila kusimama kuongea na jiwe lolote.
Nikaingia kuoga. Povu likanipanda hadi mabegani.
Nikajimwagia kata, na kata nyingine, hadi ya saba,
ngozi bado inateleza kama kambare.
Nikatoka nikihisi sijaoga.
Maharage yaliiva kabla sijamaliza kumsimulia habari za msiba.
Chai ilikuwa nyekundu, safi, inang'aa;
nikaimeza, haikuwa na mtu ndani.
"Mama, si tamu?"
Tamu, nikasema.

Niliporudi ilikuwa Jumanne.
Bomba likakohoa, nikanywa kata nzima nimesimama,
chumvi kidogo, chokaa, na kitu kisicho na jina
ambacho meno yangu yalikijua.

Birika la marehemu mama lipo pale pale jikoni.
Kila mwisho wa mwezi alikuwa akilichemshia ubuyu,
akisema uchungu hung'olewa na ukali,
na magamba yalibanduka, akayamwaga kwenye mchicha.
Tangu tumzike sijaligusa kwa ubuyu.
Limenenepa kwa ndani. Ukilitikisa linaongea.
Chai ya watu watatu inakula mkaa wa watu sita,
na Kemilembe, ambaye siku hizi ni mwenyeji kuliko mimi,
hulitazama, hunitazama, hanyanyui mdomo.

Leo nimenunua ubuyu Sabasaba, bakuli moja.
Nimeukoroga, nimeuchemsha, nimesikiliza
jiwe likizomea, likiachia.
Tabaka la juu ni langu, la kununa kwangu.
La chini kabisa, lile la manjano lililoshika bati,
ni maji aliyoyachota yeye.

Nikaepua kabla halijaisha.
Nikamwaga nilichokipata kwenye mchicha.

Linachemka upesi kidogo sasa.
Si sana.
Inatosha.